Fundi wa Magitaa Anajibu: Limau Lile Liache Jikoni

Barua za safari hii karibu zote zimegonga mlango mmoja: ubao wa freti, yaani ule ubao uliobandikwa juu ya shingo ya gitaa, ambao vidole vinaukanyaga kutwa; freti ni vile vijichuma vyembamba vilivyoukata kwa upana. Nimezisoma zote hapa kwenye meza yangu ya kazi, Ngamiani, Tanga, na nimechagua tano. Ya kwanza nitakaa nayo zaidi, maana humo ndimo wengi wanamoharibia vyombo vyao kwa nia njema.

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nimenunua gitaa la mtumba la nyuzi za chuma. Pembeni mwa freti kumejaa utando mweusi mgumu, na freti nyingine zimeota ukijani. Rafiki yangu anasema nikate limau nisugue, kisha nipake mafuta ya nazi mengi, niuache ubao unywe usiku kucha mpaka ushibe. Nimfuate?*

Marahaba, mwanangu. Usimfuate, na nakushukuru kwa kuuliza kabla hujashika kisu.

Habari ya limau najua ilikotoka. Nchi za nje kunauzwa vichupa vya mafuta ya kupaka ubao wa gitaa, vimeandikwa limau na kuchorwa limau. Ndani yake maji ya limau hayamo. Mengi ya mafuta hayo ni mafuta ya madini, yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, yaliyotiwa harufu ya limau. Mtu akaona picha, akasimulia, na habari ilipofika kwetu ikawa imegeuka tunda la sokoni. Maji ya limau ni asidi na maji, na vyote viwili ni adui wa gitaa. Freti zako ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Zinang'aa kama fedha, lakini fedha haimo hata chembe. Ule ukijani unaouona ni shaba iliyokwisha kuliwa na jasho la mwenyewe wa kwanza. Ukiiongezea limau unaizidishia ugonjwa uleule.

Mafuta ya nazi nayo nina kisa chake, na sikisimulii kwa kufurahisha. Nilipokuwa kijana nilibeba vyombo vya bendi moja, na mpiga solo akaniamini kunipa gitaa lake nilisafishe. Lilikuwa na ubao wa rozwudi, kahawia iliyokoza, mistari yake kama chai iliyomwagika. Nikalipaka mafuta ya nazi ya mama, kwa kiganja, nikaliacha usiku mzima. Tanga, kwa joto letu, liling'aa asubuhi kama zulia jipya. Siku mbili baadaye tukapanda Lushoto kwenye harusi. Ilikuwa Julai. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, na Lushoto ya Julai usiku ni mbali sana chini ya hapo. Alipofungua boksi, kila kijishimo cha ubao kilikuwa na ute mweupe, na pembeni mwa freti mstari mweupe kama chokaa. Nyuzi alizokuwa amezifunga mpya zilikwisha kunywa mafuta, zikalia kama kamba ya kuanikia nguo. Alipiga harusi nzima hivyohivyo, na hakunigombeza. Mpaka leo nikigusa kichupa cha mafuta nahesabu matone.

Kwa hiyo kwanza uliondoe hilo neno "unywe mpaka ushibe" kichwani. Mti ule ulikatwa zamani, haunywi wala hauna njaa. Kazi ya mafuta ni ndogo: kuupunguzia ubao kasi ya kupokea na kutoa unyevu, na kuitoa rangi ya mti ionekane. Yakizidi, ubao unakuwa mnato, vumbi linakwama, na mafuta yanajipenyeza kwenye mifereji ambamo freti zimepigiliwa. Kinachohitajika sana ni kusafisha. Mafuta ni ya mwisho na ni kidogo.

Sasa fanya hivi. Laza gitaa juu ya meza, shingo iegemee kanga iliyokunjwa mara kadhaa. Legeza nyuzi polepole zote kabla ya kuzitoa, usizikate zikiwa zimekaza. Watu huogopa kutoa nyuzi zote kwa pamoja. Kwa gitaa kama lako, saa moja au mbili bila nyuzi haidhuru kitu. Ila wenye magitaa ambayo daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, halikugundishwa, limeshikiliwa na nyuzi tu, wabandike kwanza tepu ya karatasi kuonyesha daraja lilipokuwa limekaa, ama sivyo tyuni haitarudi mahali pake.

Huo utando mweusi ni ngozi iliyokufa, jasho, vumbi na kutu, vimeshindiliwa na vidole kwa miaka. Weka tone moja moja la mafuta ya madini pembeni mwa freti zilizoziba sana, subiri dakika kumi. Halafu chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ikate kona kwa mshazari, ukwangue taratibu ukifuata freti kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Utaona inakuja kama nta ya masikio, mikunjo midogo ya kahawia. Ipanguse kwenye gazeti kila mara, usiirudishe ubaoni. Usitumie kisu wala wembe: ukiteleza mara moja, alama utaishi nayo. Penye pembe, mahali kadi haifiki, kijiti cha meno kinatosha.

Kisha mswaki wa zamani, mkavu, na kitambaa cha fulana ya pamba kilicholoanishwa kidogo kwa nafta, yale mafuta mepesi yanayouzwa kwa ajili ya kujazia vibiriti vya chuma. Nafta inaondoa grisi na kuruka upesi bila kuacha maji kwenye mti. Ni kitu cha moto kweli, kwa hiyo fungua madirisha, jiko liwe limezimwa, na asiwepo mvuta sigara karibu. Usipoipata, kitambaa chenye maji kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi kinafaa, mradi ukaushe papo hapo.

Ukijani wa freti utauondoa kwa stilwulu laini kabisa, ile iliyoandikwa sifuri nne (0000). Usije ukatumia ya kusugulia masufuria, ile inachana. Sugua kwa kufuata nyuzi za mti, kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili wa gitaa, kwa mkono mwepesi. Ziba tundu la sauti kwa kitambaa. Na kama msomaji mwingine ana gitaa la umeme, afunike pikapu zote, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwa tepu kabla ya kuanza, kwa sababu zina sumaku, na ule unga wa chuma ukishaingia humo kuutoa ni kazi ya siku nzima.

Mafuta sasa. Nenda duka la dawa uulize parafini ya maji, ile isiyo na rangi wala harufu ambayo watu hupewa kulainisha choo. Hayo ndiyo mafuta ya madini safi. Sema wazi kwamba si mafuta ya taa, maana jina linachanganya. Mafuta ya kupaka watoto wachanga, yale mepesi kama maji, ni kitu hichohicho kilichotiwa manukato, yanafaa pia. Matone matano au sita kwenye kitambaa, kwa ubao mzima. Paka, ngoja dakika tano mpaka kumi, halafu futa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole chako kikipita kitoke kikavu. Kama kidole kinang'aa, bado, endelea kufuta. Dodoma kiangazi ni kikavu kuliko huku kwetu, basi mara mbili kwa mwaka yatosha. Mimi hapa pwani napaka mara moja.

Na kunawa mikono kabla ya kupiga kutakupunguzia nusu ya kazi hii.

*Fundi, habari ya Tanga? Babu yetu alituachia galatoni lake. Nilipangusa ubao kwa kitambaa chenye spiriti, kikatoka cheusi tititi. Nikaendelea kwa kuwa nilidhani ni uchafu, na sasa karibu na freti ya tatu mti umeanza kuwa mweupe. Nimeliharibu? Mjukuu, Kakamega.*

Tanga salama, ndugu yangu. Hujaliharibu, lakini weka hiyo spiriti chini leo.

Galatoni yalitengenezwa Afrika Kusini, kwa jina la Gallotone, yakasambaa kusini na mashariki mwa Afrika mpaka Kongo, hata watu wakaja kuliita kila gitaa la boksi, lisilo la umeme, galatoni. Hata John Lennon wa Beatles, kijana wa Liverpool mwaka 1957, alianzia kwenye Gallotone, na ndani yake karatasi ya kiwanda iliahidi kwamba halitapasuka. Chungulia kwenye tundu la sauti la gitaa la babu yako, huenda karatasi ipo. Usiiguse na kitu chochote chenye maji.

Magitaa mengi ya bei nafuu, ya zamani na ya leo, ubao wake haukutengenezwa kwa mti mweusi. Ni mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi ufanane na eboni. Spiriti inayeyusha rangi hiyo. Tofauti ya uchafu na rangi utaijua kwenye kitambaa: uchafu ni wa kahawia au kijivu, una mafuta, na kila ukigeuza upande safi wa kitambaa unapungua. Rangi haipungui, inakuja ileile mpaka mti unabaki uchi. Ndiyo maana mimi hujaribu kwanza kwenye kipande cha mwisho cha ubao, karibu na tundu la sauti, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Upana wa kucha unatosha kukwambia.

Lako lisafishe kwa kadi na mswaki mkavu tu, na kitambaa chenye tone la mafuta ya madini. Pale palipotoka weupe, nenda kwa fundi viatu umwombe rangi nyeusi ya maji ya kupakia ngozi. Ile ya kopo ya kung'arishia haifai, itabaki juu na kuchafua vidole. Bandika tepu ya karatasi kwenye freti mbili za jirani na kwenye kingo za shingo, gusa kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, acha ikauke mpaka kesho yake, ufute kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke tena na rangi.

Umeandika pia, mwishoni mwa barua, kwamba chini ya nyuzi nyembamba kwenye freti tatu za mwanzo kuna vijishimo. Hivyo ni vya babu. Wapigaji wa gitaa kavu, yaani hilo la boksi, wa huko kwenu walikaa sana hapo juu karibu na kichwa, wakichomoa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na vidole vya mkono wa kushoto vikala mti kidogo kidogo kwa miaka. Watakuja mafundi watakaotaka kuvijaza kwa gundi na vumbi la mti ili ubao uwe sawa. Kama gitaa bado linalia vizuri, wakatalie. Ukiweka kidole chako mle, kinakaa alipokaa yeye.

*Mzee wangu, salaam kutoka Edmonton, Kanada. Gitaa langu nililinunua Dar, nikasafiri nalo mwezi wa kumi. Sasa ni Januari, ncha za freti zimetokeza kwenye kingo za shingo, zinanikwaruza kiganja hadi damu. Nimepaka mafuta mara nne, hakuna mabadiliko.*

Pole sana, mwanangu. Usipake mara ya tano. Shida yako ni ya hewa, mafuta hayawezi kuiponya.

Freti ni chuma, hazikurefuka. Mti ndio umesinyaa. Mti unapopoteza unyevu hupungua kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki, basi ubao wako umekuwa mwembamba na freti zimebaki na urefu wake. Hewa yenye baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi ya mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa moto mpaka nyuzijoto 20, ina nafasi ya kubeba zaidi ya gramu 17, lakini mvuke ni uleule mchache. Hewa hiyo yenye kiu inauchukua unyevu kila mahali unapopatikana: midomoni mwako, kwenye ngozi, na kwenye gitaa lililozoea Dar.

Nunua kipimo cha unyevu wa hewa, kile kidogo cha kuweka ndani ya boksi la gitaa. Unataka kisome kati ya asilimia 45 na 55. Gitaa likae ndani ya boksi lililofungwa wakati wote usipolipiga, mbali na kipasha joto. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu upande wa juu, weka sponji iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa mpaka haitoi tone, ukilaze karibu na kichwa cha gitaa. Angalia kipimo kila siku mbili. Usiharakishe kwa kutia maji mengi, mti uliosinyaa kwa miezi mitatu urudishe kwa wiki tatu au nne.

Freti zikirudi ndani, vizuri. Zikibaki zinakwaruza hata baada ya hapo, mpe fundi azipige tupa kwenye ncha, na hapo ndipo kazi ya tupa inapofaa, baada ya mti kutulia. Na ukague mgongo na uso wa gitaa chini ya taa, ukiipitisha kwa mshazari. Freti zinazotokeza ni onyo la mapema. Ufa huja nyuma yake.

*Fundi, napiga kanisani, Morogoro. Ubao wa gitaa langu la umeme ni wa rangi ya asali na unang'aa, ila katikati una madoa ya kijivu yasiyotoka. Nipake mafuta?*

Hapana. Huo ni mti wa mepo, na umepigwa vanishi. Mafuta yatakaa juu ya vanishi bila kazi. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe, basi. Madoa ya kijivu ni mahali vanishi imekwisha na jasho limeingia kwenye mti wenyewe; hayadhuru sauti, na kuyatoa ni kukwangua na kupiga vanishi upya, kazi ambayo mimi nisingeifanya kwa gitaa linalopigwa kila Jumapili. Magitaa ya umeme ya kampuni ya Fender ya mwaka 1950 yalikuwa na shingo za mepo tupu, na zikawa zinachakaa hivyohivyo. Mwaka 1958 wakaingiza ubao wa rozwudi kwenye gitaa lao liitwalo Jazzmaster.

*Fundi, mimi ni mchongaji wa Mtwara. Mabaki ya mpingo yamenijaa kibandani. Je, yanafaa ubao wa gitaa? Na mpingo nao unapakwa mafuta?*

Barua yako nimeirudia mara mbili, ndugu yangu, kwa furaha.

Unafaa, na ni katika miti bora kwa kazi hiyo. Kamusi zinauita mpingo eboni, na watu wa nje huchanganya, lakini ukoo wake ni ule wa rozwudi, Dalbergia. Eboni yenyewe ni ukoo mwingine, na ile ya kwenye magitaa mengi ya gharama hutoka Kameruni. Mpingo ni mzito hata ukiutupa majini unazama, na ulaini wake ukishasuguliwa huhitaji kuuongezea kitu. Ndiyo maana klarineti na obo za Ulaya zinachongwa kwa mti huu wa kwetu wa kusini.

Mafuta hauyahitaji sana. Una mafuta yake ndani. Ubao wa mpingo mimi huufuta kwa kitambaa kikavu, na tone mbili za mafuta ya madini baada ya mwaka au miwili, kwa ajili ya weusi tu. Hayo mafuta yake ya asili yana taabu moja: gundi haishiki. Kabla ya kuubandika kwenye shingo, pangusa uso wa kugundishwa kwa asetoni, kitambaa kitatoka na zambarau iliyokoza, rudia mpaka rangi ipungue, halafu gundisha ndani ya robo saa kabla mafuta hayajapanda tena.

Tatizo kubwa ni vipimo. Ubao wa freti unataka kipande kilichonyooka cha sentimita 50 hivi kwa urefu, 7 kwa upana na karibu 1 kwa unene, bila ufa wala kifundo. Wewe unaujua mpingo kuliko mimi: umepinda, una mashimo moyoni, na mti wa kuvunwa una miaka 70 na zaidi. Katika mabaki kumi utapata kimoja. Vipande vifupi usivichome, vinafaa daraja na vigingi, nami nitavinunua.

Kuhusu kuuza nje, mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na ukoo wote wa Dalbergia tangu Januari 2017, hivyo ubao mtupu unataka kibali. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilisamehewa mwishoni mwa 2019. Hapa ndani nenda ofisi ya misitu ya wilaya upate karatasi za gogo ulikotoa.

Kipande kizuri ukikipata, siku hiyohiyo yeyusha nta au mshumaa upake ncha zote mbili, maana mpingo hupasukia nchani ukikauka haraka. Kisimamishe kivulini juu ya vijiti, upepo upite pande zote, uandike tarehe kwa chaki. Miaka miwili, mitatu. Chaki ikifutika, andika tena.